Robo Saa ya Mwisho

Siku tatu mfululizo Sixtus Ndunguru aliwaita watu waje kushuhudia aibu yake mwenyewe, na hakujua kwamba ndicho alichokuwa akikifanya.

Alikaa nyuma ya pikapu ya matangazo, kipaza sauti mkononi, akapita stendi, sokoni na mitaa yote ya mji wa Mbinga. Sauti ndiyo ilikuwa jembe lake. Mtu akifiwa, Sixtus hutangaza. Chanjo ya mbuzi ikija, Sixtus hutangaza. Safari hii alipewa karatasi ya halmashauri, naye akaisoma kwa mbwembwe nyingi kuliko walivyoiandika.

"Akina mama, akina baba! Kadi ya Matembezi imezinduliwa! Kadi moja, siku moja, vituo vinne! Kiwanda cha kahawa! Mashamba ya ngolo, njia ya Matiri! Nyumba ya Historia ya Sinema! Na kumalizia Mbamba Bay, ziwani! Jumamosi hii mtaona filamu ya enzi zenu, nzima, mwanzo hadi mwisho!"

Jioni ya siku ya tatu alirudisha kipaza sauti kwa afisa utamaduni, Madam Sekela, binti wa Tukuyu aliyehamishiwa Mbinga mwaka uliopita. Alikuwa na bidii ya mtu ambaye bado hajakatishwa tamaa na ofisi. Alimpa Sixtus kadi ya bure kwa kazi nzuri.

"Madam, hiyo filamu yenyewe ni ipi?"

"Nimeitafuta miezi mitano, kaka Sixtus! Kila mzee niliyemhoji aliitaja hiyohiyo. Wenyewe mliiita *Mwana wa Mjane*."

Sixtus aliikunja kadi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nzima?"

"Nzima. Ile ya kibanda chenu cha video ilikuwa imekatika mwisho, si ndiyo? Wote wananiambia hawakuwahi kuona robo saa ya mwisho. Sasa wataiona."

Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia, na miguu ikaanza kuwasha kama aliyekanyaga upupu.

Zamani, kabla kila mtu hajatembea na sinema mfukoni ndani ya simu, Mbinga ilikuwa na kibanda umiza kimoja kilichosifika, cha Mzee Nicholaus, nyuma ya soko. Mabanzi, bati, mabenchi, TV ya chogo, deki, na jenereta iliyokohoa nje kama mvuta kiko. Filamu zilikuwa za Kichina, watazamaji walikuwa Wamatengo, na katikati alisimama Sixtus, kijana wa miaka ishirini na minne, mfasiri. Kichina alikijua kama mbuzi anavyoijua misa. Kiingereza alikuwa nacho cha kuombea maji. Alichofanya ni kuitazama kanda mara mbili peke yake, akakariri nani anampiga nani na kwa nini, kisha Jumapili baada ya misa ya pili akashika maiki na kuwapa Wachina maneno.

Aliwapa na makwao pia. Adui mkubwa alikuwa mnunuzi wa kahawa mwenye mizani iliyochezewa. Staringi alitokea Matiri. "Ngumi hii," staringi alisema kwa mdomo wa Sixtus, "sikuipata shuleni! Nimeipata kwa kuchimba ngolo tangu utoto!" Kibanda kizima kilisimama, wakulima wakapigana vikumbo kwa furaha. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa rika lile, atakuapia kwamba mama yake yule Mchina alikuwa na shamba la kahawa upande wa Mbuji.

Lakini kibanda kilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo haikuandikwa na Sixtus. Staringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atazikwa mpaka shingoni, ila kufa hafi. Mwaka mmoja waliletewa kanda ambayo staringi alikufa, na watu wakavunja mabenchi manne wakidai wametapeliwa. Ndiyo maana *Mwana wa Mjane* ilipofika, na Sixtus alipoitazama peke yake akaona yule kijana aliyevuka maji kumtafutia mama yake haki anarudi na kuangukia ufukweni, akamweleza tajiri yake. Mzee Nicholaus alikuna ndevu.

"Huyo kijana asife ndani ya kibanda changu," alisema. "Mwisho ukikaribia, zima jenereta. Sema mafuta yameisha. Halafu wamalizie kwa mdomo."

Wakafanya hivyo. Kila Jumapili jenereta iliishiwa mafuta dakika ileile, na Sixtus akamalizia kwa mdomo: staringi akainuka, akapanda mlima, akafika kwao Matiri, mama akampikia. Watu wakatoka wameshiba. Nani aliumia? Sixtus alijibu swali hilo miaka mingi kwa neno moja: hakuna.

Isipokuwa alikuwapo mtu mmoja.

Katika vijana waliokuwa hawakosi benchi la mbele alikuwamo Alphonce, mtoto wa kwanza wa Vitalia, mama mkulima wa Mbuji. *Mwana wa Mjane* aliitazama mara tisa. Mwaka huohuo aliteremka Mbamba Bay, akapanda boti ya injini iendayo upande wa Malawi kutafuta kazi, akasema atarudi baada ya mavuno. Boti haikuonekana ilikokwenda wala ilikotoka. Hakikupatikana hata kipande cha ubao.

Miezi miwili baadaye, Jumapili moja, Vitalia aliingia kibandani. Mama mzima, kanga imefungwa vizuri, akakaa benchi la mbele kati ya watoto. Aliitazama filamu mpaka jenereta ilipozimwa, akamsikiliza Sixtus akimalizia. Watu walipotoka, yeye alibaki.

"Mwanangu," alimwambia, "huyu kijana alirudi kweli kwa mama yake?"

Sixtus alijua anaulizwa nini. Hilo hawezi kulikana. Alimtazama yule mama, akatazama TV iliyozimika, akajibu kwa sauti ileile ya maiki:

"Alirudi, mama. Alichelewa tu."

Maneno mawili. Alichelewa tu. Vitalia aliyachukua akaenda nayo nyumbani kama mtu aliyepewa mbegu. Tangu siku ile aliacha kuweka komeo mlangoni. Watu walipoanza kumwita Mama Edina, kwa jina la binti yake wa pili, hakuitika. Aliitika Mama Alphonce tu. Na kila Oktoba, familia zinapoandika majina ya marehemu wao kwenye karatasi ya kupeleka parokiani ili yasomwe Novemba mbili, Siku ya Marehemu Wote, Mama Alphonce aliandika jina la mume wake, la mama yake, la wajomba, akaikunja karatasi. Jina la mwanawe halikuwahi kuandikwa. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwombea kijana yule kama wanavyoombewa wafu, kwa kuwa hakuwa amekufa. Alikuwa amechelewa.

Na Jumamosi hiyo asubuhi, Sixtus alipopanda kwenye Coaster ya matembezi, mtu wa kwanza kumwona kwenye siti ya mbele alikuwa mama huyo.

"Shikamoo, Mama Alphonce."

"Marahaba, mwanangu mfasiri. Nilikusikia unaita watu, nikamwambia Edina anitafutie kadi." Alikuwa amepita miaka sabini, ukungu wa macho ulikuwa umemwacha na vivuli tu. Aliinua kadi mpaka karibu na pua. "Nimekuja kuona anavyofika kwao. Siku ile ulitusimulia tu."

Edina, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa kando yake. Alimtazama Sixtus kwa jicho la mwalimu anayemjua aliyeiba chaki.

Dereva alikuwa Damiano, aliyekulia kibandani. Alipiga honi, akageuza shingo, akapaza sauti: "Abiria! Staringi..."

"Hafi!" basi zima likaitika, likaangua kicheko.

"Adui naye?"

"Mizani yake imepinda!"

Sixtus alicheka kwa meno tu. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka, na hata saa tatu ilikuwa haijafika.

Kituo cha kwanza kilikuwa kiwanda cha kukoboa kahawa. Mwenyeji alieleza madaraja ya buni kwa utaratibu, akazipitisha mkono kwa mkono. Sixtus alipokea ya kwake akaiweka mdomoni bila kujua, akaitafuna. Alimvuta Madam Sekela pembeni ya magunia.

"Madam, nakuomba. Ile filamu ikatishe kabla ya mwisho. Robo saa tu."

"Kwa nini?"

"Ni... haifai kwa wazee."

Sekela alicheka. "Kaka Sixtus, nimeitazama. Hakuna uchafu wowote. Staringi anakufa vizuri tu, kishujaa."

"Ndiyo hiyo haifai!"

"Hii ni nyumba ya historia, siyo kibanda umiza. Historia haikatwi." Akamgongea muhuri kwenye kadi. "Kimoja tayari. Bado vitatu."

Kinachouma ni kwamba alikuwa na haki. Mtu mzima huweza kugombana na mwongo siku nzima bila kuchoka, lakini mkweli akikujibu unabaki umeshika magunia.

Kituo cha pili kilikuwa mteremko wa ngolo. Watu waliteremka kutazama mashimo yale yaliyopangwa mlimani kama masega ya nyuki, kila shimo likishika maji na udongo wake. Wenyeji waliguna: kulipia kadi uje uonyeshwe shamba la jirani! Mama Alphonce alibaki ndani ya gari. "Ngolo nimechimba miaka hamsini," alisema. "Zenyewe ndizo zinapaswa kulipia kuniona mimi."

Ilikuwa nafasi. Sixtus alirudi garini, akakaa siti ya nyuma yake. Alifungua mdomo. Mtu ambaye alikuwa ametangaza misiba mia tatu na zaidi bila kukwama hakuweza kusema sentensi moja.

"Mama... ile filamu."

"Eeh."

"Mwisho wake ni mrefu."

"Nina siku nzima," mama akasema, akatabasamu. "Kadi inaisha jioni."

Edina alikuwa amesimama mlangoni. Alimwita Sixtus kwa kidole, akampeleka mpaka kwenye tuta la barabara.

"Kaka, mimi niliiona ile filamu kwenye simu. Mwaka jana. Najua anavyokufa."

Sixtus alikaa chini kwenye majani.

"Sikumwambia mama," Edina aliendelea. "Kila Oktoba naweka karatasi mezani, naandika majina. Nikikaribia la kaka yangu anaifunika kwa kiganja. 'Mfasiri alisema.' Miaka ishirini na miwili nashindana na wewe, mtu ambaye hata salamu hatupeani! Mimi nikisema kaka amekufa, ni wivu wa mdogo. Wewe ukisema amechelewa, ni Injili."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Ila leo hakuna jenereta."

Hakukuwa na jenereta, kweli, lakini ulikuwapo umeme, na umeme una swichi. Wazo hilo lilimwingia kama mwizi, na akalikaribisha. Alimkuta Damiano akikagua matairi.

"Dami. Pale ukumbini swichi kubwa iko wapi?"

"Ukutani karibu na mlango. Kwani?"

"Nikisema 'mafuta yameisha', izime."

Damiano alimkodolea macho, kisha akajipiga paja. "Kama zamani! Mzee baba, nimekuelewa! Watu watalia kwa raha!" Hakuuliza zaidi. Alidhani ni utani, na Sixtus akamwacha adhani hivyo.

Nyumba ya Historia ya Sinema ilikuwa ghala la zamani la kahawa lililopakwa rangi mpya. Ndani kulikuwa na projekta ya chuma iliyokuwa ikizunguka na gari la sinema la serikali enzi za wazazi wetu, ikitundika shuka uwanjani na kuonyesha namna ya kupulizia dawa mibuni. Kulikuwa na magurudumu ya filamu, na kwenye kona, vikiwa vimefutwa vumbi kama sanamu za watakatifu, TV ya chogo ya Mzee Nicholaus, deki yake, na ile jenereta. Sixtus aliinama kusoma kibao: *Vifaa vya kibanda cha video. Filamu zilionyeshwa kwa lugha ya Kichina.*

"Kwa lugha ya Kichina!" alisema kwa nguvu, na watu wakageuka. Kwa dakika moja alisahau hofu yake. Jenereta imepewa kibao, na aliyewapa Wachina maneno yao kwa miaka saba hayupo hata kwa herufi ndogo! Ndivyo tulivyo. Chuma tunakipaka mafuta na kukiwekea kamba kisiguswe. Mtu tunamwacha apite na mvua. Lakini hasira ile ilipoa haraka, kwa kuwa alijiuliza: na wewe ungetaka waandike nini? *Hapa alisimama Sixtus, aliyemchelewesha Alphonce?*

Watu walikaa kwenye viti vya plastiki, kama sitini hivi. Mama Alphonce alitaka mbele. Taa zikapunguzwa, picha ikatokea ukutani, kubwa kuliko TV kumi za chogo, Kichina kikamwagika na maandishi ya Kiingereza yakapita chini. Dakika mbili. Tatu. Viti vikaanza kulia.

"Sasa wanasema nini?"

"Hatukuja kusoma!"

"Mfasiri! Mfasiri! Mfasiri!"

Sekela alijaribu kueleza jambo kuhusu uhalisi wa sauti, akazidiwa na makofi. Alimletea Sixtus maiki kwa mikono miwili, kama anayesalimisha silaha. Na Mama Alphonce akapapasa kiti cha pembeni yake.

"Kaa hapa. Mimi naona vivuli tu. Wewe ndiye macho yangu."

Alianza kwa kusitasita, lakini ufundi wa zamani haukuwa umemtoka. Adui alipoingia na kofia yake, Sixtus akamfanya aulize bei ya kahawa, na ukumbi ukalipuka. Staringi akatoa ngumi, na sauti sitini zikasema naye: "Nimeipata kwa kuchimba ngolo!" Hata Sekela, aliyekuwa amenuna ukutani, alijikuta ameziba mdomo kwa kicheko. Kwa saa nzima na zaidi Sixtus alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, na hilo lilimtisha zaidi, kwa sababu alijua linaelekea wapi. Kila alipocheza, jicho lilikuwa kwenye saa ya ukutani. Goti lake halikutulia. Mama aliliwekea mkono, kama mtu anavyomtuliza mtoto kanisani.

Kisha boti ya staringi ikaonekana inakaribia pwani. Dakika ileile. Karibu na mlango Damiano aliinua mkono mpaka kwenye swichi, akakonyeza.

"Amefika?" Mama Alphonce aliuliza.

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Mafuta yameisha. Maneno mawili mengine, mepesi kama yale ya kwanza. Angeyasema, giza lingeingia, watu wangecheka, yeye angemalizia kwa mdomo, na mama angerudi Mbuji, alale bila komeo, na Oktoba hii tena aifunike karatasi kwa kiganja. Na mwaka ujao. Mpaka yeye mwenyewe aandikwe, na hata siku hiyo jina la aliyechelewa lisiwemo.

"Sixtus, amefika?"

Alimtazama Damiano, akatikisa kichwa. Damiano hakuelewa, alinyanyua nyusi, kidole bado kiko kwenye swichi. Sixtus akatikisa tena kwa nguvu, mpaka mkono ule ukashuka.

"Amefika ufukweni, mama," alisema kwenye maiki. "Wanamngoja watatu, na mapanga. Amepigana nao. Sasa... ameanguka."

"Ataamka."

"Haamki."

Kicheko kidogo kilisikika nyuma, kisha mtu akapiga kelele: "Staringi hafi, bwana! Fasiri vizuri!"

"Huyu anakufa!" Sixtus alisimama. Sauti ilipasuka kwenye spika. "Alikuwa anakufa kila Jumapili, mimi nazima jenereta! Mafuta hayakuwahi kuisha hata siku moja. Hakupanda mlima. Hakufika Matiri. Mama... hakuchelewa. Nilikudanganya."

Ukutani, mjane wa Kichina alikuwa amekaa kwenye mchanga, na mtu amemletea ndala za mwanawe. Midomo yake ikasema jambo. Hapa maiki ya Sixtus haikuwahi kufika. Katika miaka yote ile hakuwa amemtungia yule mama neno la mwisho.

"Anasema nini?" Mama Alphonce aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

Sixtus alimgeukia Edina. Mwalimu alikaza macho kwenye maandishi ya Kiingereza, akasoma polepole kama anayemwandikisha mtoto imla: "Anasema... 'Mwanangu siku ile aliondoka hajala.'"

Zamani Sixtus alikuwa na sauti ya kike ya kuchekesha, nyembamba, ya puani, ambayo ilikuwa ikiwavunja watu mbavu. Sasa aliisogeza maiki, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya mtu wa miaka arobaini na sita:

"Mwanangu siku ile aliondoka hajala."

Picha ikafifia, herufi za Kichina zikaanza kupanda. Mama Alphonce alikuwa amenyoosha uso kuelekea ukuta mweupe.

"Wangu alikula," alisema. "Nilimpa viazi na usipa. Alikula akamaliza."

Edina akalia. Mama hakulia. Alimtafuta Sixtus kwa mkono, akakamata shati lake kifuani, akalivuta mpaka kifungo kikang'oka.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, "nalala mlango wazi. Mbwa wa watu wanaingia. Nawaacha, nasema labda nyuma yao kuna mtu."

Kisha akamwachia, akaomba kupelekwa garini, kwa kuwa kadi ilikuwa na kituo kimoja bado.

Barabara ya kwenda ziwani inateremka kwa kona nyingi, na hakuna aliyeitikia kibwagizo cha Damiano. Naye baada ya kona ya tatu aliacha kukianzisha. Walifika Mbamba Bay jua bado lina nguvu. Maji yalikuwa yametulia, wanawake wanaanua usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye vichanja. Wageni walipiga picha zao. Sekela alipita na muhuri, na alipofika kwa Sixtus aligonga kadi kwa upole usio wa lazima.

Sixtus alisimama mbali. Alikwenda kushoto, akarudi kulia, mchanga ukamjaa viatuni. Alikuwa amedhani kwamba ukweli ukisemwa mtu hutulia. Hakutulia hata kidogo.

"Wewe mfasiri! Njoo hapa!"

Mama Alphonce alikuwa amekaa juu ya jiwe, maji yanamgusa vidole. Alikuwa ameigeuza kadi yake upande wa nyuma, ulio mweupe. Edina alikuwa amechomoa kalamu.

"Rangi gani hiyo?" mama aliuliza.

"Nyekundu, mama. Ndiyo niliyonayo."

"Rudisha. Mwanangu siyo kosa la hesabu."

Sixtus alitoa kalamu yake ya bluu, ile ya kuandikia matangazo ya misiba. Alimnyooshea Edina.

"Andika wewe, mfasiri," mama akasema.

Sixtus alipiga goti mchangani, akaweka kadi juu ya paja. "Mama, ni kwa 'f' au kwa 'p' na 'h'?"

"Kwa 'p' na 'h'. Na mwisho 'ce', kama kwenye cheti cha ubatizo. Andika vizuri, asije akaombewa mtoto wa mtu mwingine."

Aliandika. Mama aliisogeza kadi karibu na pua, akaitazama muda mrefu, kisha akamrudishia Sixtus, si Edina.

"Novemba mbili utasoma wewe. Katekista nitaongea naye mimi."

"Mama, mimi sistahili..."

"Nani kasema unastahili? Wewe ndiye uliyesema mbele yangu kwamba amechelewa. Leo umesema hakuchelewa, ukumbi mzima ukisikia. Bado kanisa." Alijifunga kanga, akampa Edina mkono amwinue. "Na hiyo kadi ikae kwako. Ulale nayo."

Honi ya Coaster ilipigwa. Sixtus alipanda wa mwisho, akakaa siti ya kando ya dereva, kadi mbili mkononi, yake na ile yenye jina la Alphonce. Gari lilianza kupanda milima. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, kama zamani alipokuwa akijiandaa mbele ya TV iliyozimwa.

Damiano alimtupia jicho. "Unafasiri nini tena, ndugu yangu?"

"Sifasiri," Sixtus akasema. "Nasoma."